Mkono Alionyoosha Yolande

Mkutano ulikuwa umekwisha, na watu walikuwa wanatafuta viatu vyao chini ya meza kwa vidole vya miguu, ndipo daktari mkuu wa zoni ya afya akakumbuka jambo. Akasema kuna nafasi moja ya kwenda kusoma Lubumbashi, shahada ya uzamili ya afya ya umma, masomo yamelipiwa yote. Akauliza nani anaitaka.

Honorine Mbelu akanyamaza. Msidhani hakuitaka. Aliitaka kuliko kitu chochote. Alinyamaza kwa sababu alikuwa anangoja kuitwa. Toka shule ya msingi yeye ndiye wa kwanza darasani, na kwa akili yake mtu wa kwanza haombi, anaitwa. Masista walikuwa wakimwita, walimu walikuwa wakimwita, hata huyo daktari mwenyewe alimwita kila hesabu za chanjo zilipokataa kujumlika. Basi akainamisha macho, akakaza kitambaa chake cha kichwani, akajiandaa kushangaa atakaposikia jina lake.

Yolande, aliyekaa ubavuni mwake, akanyoosha mkono.

"Mi ninataka, dokta."

"Bon, Yolande," akasema daktari, na watu wakaenda kwao.

Hakuna kingine kilichotokea siku ile. Hakuna aliyempiga Honorine, hakuna aliyemwibia, hakuna aliyemdanganya. Ni mkono tu ulipanda, wenye saa ya dhahabu ya uongo ya sokoni, ukashuka. Lakini tangu hapo kila alipofumba macho aliuona mkono ule, na roho ikamuuma kama jino bovu.

Hawa wawili, niwaambie, walikuwa zaidi ya marafiki. Babu zao waliletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi hapa Kolwezi, wakapewa nyumba zinazotazamana kwenye kambi ya wafanyakazi, watoto wakazaliwa humo, na wajukuu nao. Walikula bukari, ugali wa huku kwetu, kwenye sahani moja. Kwenye shule ya uuguzi Honorine ndiye aliyemfundisha Yolande kupiga hesabu ya dawa za watoto, kwanza kwa upole, halafu kwa makofi ya mgongoni. Yolande hakuwa mjinga. Alikuwa mtu wa kucheka, mtu wa kuchelewa, mtu wa kuazima kalamu asiirudishe. Sasa mwenye kuazima kalamu anakwenda chuo kikuu, na mwenye kalamu anabaki Kasulo kupima watoto. Nyinyi mngelala vizuri?

Maana Honorine alikuwa mkuu wa kituo kidogo cha afya huko Kasulo, mtaa ambao watu wamechimba kobalti mpaka chini ya vitanda vyao. Wageni wakiambiwa hivyo hudhani ni maneno ya kukuza. Honorine alikuwa amezalisha wanawake kwenye vyumba ambamo shimo limefunikwa mkeka, akiambiwa, "Mama, pita huku, usikanyage pale." Alipita huku na hakuuliza kitu. Ndiyo maana mtaa ulimwamini kuliko mtu yeyote aliyevaa nguo nyeupe.

Yolande akaenda. Picha zikaanza kuingia kwenye simu: Yolande mbele ya geti la chuo, Yolande na kompyuta, Yolande kati ya wenzake wa Kinshasa na Bukavu, wote wamefungua midomo wanacheka. Honorine alizijibu zote kwa maua na vidole gumba, kisha akailaza simu kifudifudi mezani. Mumewe Tharcisse, fundi wa malori, mtu mzuri asiyeona mbali ya sahani yake, alikuwa haishi kusifu.

"Yolande eko anaenda mbali, hein," akasema siku moja wakila. "Na weye ulikuwa unasema hayui kuhesabu."

"Hakuyuaka. Miye njo nilimufundisha."

"Basi ulimufundisha muzuri," akasema Tharcisse, akasogeza sahani aongezewe sombe, ile mboga ya majani ya muhogo.

Honorine akamwongezea, kidogo kuliko alivyoomba.

Wivu haumlazi mtu kitandani, msidanganywe. Unampa nguvu. Mwaka ule Honorine alipaka kituo rangi upya, akapanda maua mlangoni, akapanga chupa za dawa kwa ukubwa, akagombana na kila mtu. Mtu akimtaja Yolande, yeye husema, "Aa, dokta wetu," kwa sauti tamu sana, na watu wakadhani anasifu. Hata kanisani, padri alipoombea wanafunzi walio mbali, Honorine aliinua kichwa akawa anatazama feni.

Mwaka wa pili, kiangazi kikielekea mwisho, Yolande akarudi kufanya utafiti wa tasnifu yake. Na mtaa wowote wa Kolwezi ungemtosha, lakini yeye alichagua wapi? Kasulo. Akaingia kituoni na begi la brashi ndogo, vitambaa vya kupangusia na vichupa, amenenepa kidogo, kadi ya chuo inaning'inia shingoni, akamkumbatia mwenzake mpaka kitambaa cha kichwani kikaanguka.

"Mbelu, weye njo mulango yangu," akasema. "Ninataka kupima vumbi ya mu manyumba. Mu chumba ya kulala, fasi batoto banatambaa. Tuone ile madini inaingia namna gani mu mwili yao. Lakini batu ba huku habanijui. Weye ukibaambia bafungue, batafungua. Bakikatala, bourse, ile feza ya masomo, inaisha mvua ikianza, na mi ninarudi mikono mitupu. Masomo yote imekufa."

"Nitabaambia," akasema Honorine.

Na alikuwa na nia ya kuwaambia. Hilo nalo liandikwe.

Siku ya kupima watoto ikafika. Akina mama walijaa kwenye mabenchi chini ya paa la bati, watoto wananing'inia kwenye mizani ndani ya kaptula ya kitambaa, wanalia mmoja akimwambukiza mwingine. Honorine alikuwa amesimama tangu asubuhi, kiuno kinamwaka. Yolande akaingia amechelewa, anacheka, na Mama Ngoyi akainuka akampa kiti. Huyu Mama Ngoyi alikuwa bibi mwenye sauti kubwa kuliko wote mtaani, na siku ile alikuwa amemleta mjukuu wake, Merdi.

"Ikala, dokta," akasema Mama Ngoyi.

Kiti. Miaka yote ile Honorine amewashika watoto wao na wajukuu wao, amewakata vitovu, amewapa dawa ya minyoo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsogezea kiti. Na hilo la "dokta", Yolande hata hakulikataa. Aliketi, akakunja miguu, akasema aksanti, akaeleza kazi yake ya vumbi kwa maneno marefu ya chuo, akanywa maji aliyoletewa, akaenda zake ofisi ya zoni.

Alipotoka tu, Mama Ngoyi akageuka.

"Mama Honorine, ile vumbi atapeleka wapi?"

Hapo ndipo nafasi ya kuwaambia ilipokuwa. Neno moja lingetosha: maabara. Honorine akamtoa mtoto kwenye mizani, akamkabidhi mama yake, akajifuta mikono polepole.

"Miye siyui," akasema. "Waza weye mwenyewe, mama. Mutu anaweza kutoka Lubumbashi kukuya kuokota vumbi ya bure? Vumbi ya Kasulo iko na nini ndani?"

Akaita mtoto mwingine.

Hakusema uongo. Aliuliza tu. Jioni akisonga bukari alijiambia tena na tena kwamba aliuliza tu, na mwiko ukawa unagonga sufuria kwa nguvu mpaka Tharcisse akauliza kuna nini.

Sasa kumbukeni mtaa wenyewe. Kuna watu waliowahi kuhamishwa pale kampuni ya madini ilipochukua upande wao, na tangu hapo kila nyumba ina hadithi ya jirani aliyelipwa vizuri na jirani aliyelipwa vibaya, na katika kila hadithi sababu ni kile kilichokuwa chini ya sakafu. Mtaa wa namna hiyo hauulizwi swali kama lile. Swali la Honorine lilitoka kwenye mizani likaenda bombani, kutoka bombani likaenda sokoni, na liliporudi halikuwa swali tena. Watu walikuwa wanajua: Yolande ametumwa na kampuni kupima nyumba ipi ina mawe mengi, ili siku ya kuhamisha watu wajue nani alipwe nini.

Juma la kwanza milango ilifungwa. Yolande alibisha hodi, akaambiwa mwenye nyumba hayuko, na aliyesema hivyo kutoka ndani ni mwenye nyumba mwenyewe. Alirudi kituoni na vichupa vitupu, akaketi kwenye ngazi, hakucheka. Honorine akampikia chai. Sitawaficha: aliipika kwa furaha, akatia sukari ya kutosha, akasimama akimtazama mwenzake anavyokunywa, na moyo wake ukapoa kwa mara ya kwanza tangu mkono ule unyooshwe.

"Pole," akasema. "Batu ba Kasulo ni bagumu."

Juma lililofuata mambo yakapinduka. Milango ikafunguka yote. Wanawake walimfuata Yolande barabarani: dokta, kwetu haujafika, dokta, anzia kwangu. Wakamwingiza mpaka vyumbani, wakamwonyesha kwa kidole, pangusa hapa, na pale pembeni, na chini ya kitanda usisahau. Vitambaa vilitoka vyeusi. Yolande akajaza vichupa vyote, akapita kumshukuru Honorine kwa machozi, kwamba ni yeye bila shaka aliyewasemesha watu, akapanda basi la Lubumbashi anaimba.

Honorine hakuelewa. Alijiona mjinga kabisa. Hata ubaya, alijiambia, hata ubaya sikuuweza, na yule anashinda bila kujua anashindana na nani. Siku ile chai ilimshinda kunywa.

Alielewa siku ya kupima watoto iliyofuata. Alimwinua Merdi kumtia kwenye mizani, akaona viganja vyake. Vilikuwa vyeusi. Magoti meusi, kidevu cheusi, na kifua kilikuwa kinakoroma. Akamtazama mtoto aliyefuata kwenye foleni: magoti meusi. Aliyemfuata, vilevile.

"Mama Ngoyi, huyu mutoto anatambaa wapi?"

"Kunyumba," akasema Mama Ngoyi, akitabasamu. Akamsogelea na kushusha sauti, yaani ikafika kiasi cha sauti ya kawaida ya watu wengine. "Kwetu hakukuwa mawe, mama. Bwana yangu alichimba akapata maji tu. Basi nikaenda kwa bale banaosha mawe, nikachukua ile muchanga yao nyeusi, nikachekecha muzuri, nikamwanga mu chumba yote. Bakikuya kulipa, nyumba yangu itakuwa ya mbele. Na benzangu bote balifanya vile. Si weye njo ulitufungua akili?"

Honorine akamrudisha Merdi mikononi mwa bibi yake. Aliogopa, na aliona aibu, vyote viwili kwa pamoja. Watoto wa kituo chake, aliowadaka wengi wao kwa mikono yake wakizaliwa, wanalala na kutambaa kwenye vumbi la madini lililochekechwa vizuri na bibi zao, kwa sababu yeye alinyimwa kiti.

Akawapa wenye vifua vibaya dawa, akaacha mizani, akachukua ndoo na vitambaa, akaenda nyumba kwa nyumba. Aliwaambia wafute vumbi lile kwa maji, wasifagie likapanda hewani, walitoe lote. Aliwaambia hakuna kampuni, hakuna malipo, ni masomo ya Yolande tu. Na hapo, jamani, akakutana na jambo ambalo hakulitegemea. Hawakumwamini. Yeye, waliyemwamini kwa kila kitu.

"Sasa unageuza maneno," akasema Mama Ngoyi, amesimama mlangoni kwake mikono kiunoni. "Weye unaikalaka kambi, mu nyumba ya matofali. Bakitulipa shiye, weye hautapata kitu. Njo sababu unataka tufute. Ni wivu, mama Honorine. Uko na wivu."

Neno lilimpiga sawasawa, ila kwa kosa lisilo lake. Wivu alikuwa nao, wa kutosha mtaa mzima na wa kubakisha, lakini si wa vyumba vyao. Akaeleza mambo ya mapafu. Akaeleza mambo ya damu. Akatumia ile sauti yake ya kituoni ambayo hunyamazisha hata walevi. Wakaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, na hakuna aliyeinama kushika kitambaa.

Mwishowe alichoka. Akaingia kwa Mama Ngoyi bila kukaribishwa, akaketi sakafuni, juu ya lile vumbi, na koti lake jeupe, akampakata Merdi.

"Sikia, mama. Uko na haki. Ni wivu. Lakini hapana ya nyumba yako. Yolande tulisoma naye. Miye nilikuwa wa kwanza, yeye njo akaenda. Ile siku ukamupatia kiti, ukamwita dokta. Miye haujanipatiaka kiti hata siku moja. Njo nikasema ile maneno. Kampuni haiko mule ndani. Ni miye tu."

Mama Ngoyi akaitoa mikono kiunoni. Habari za mapafu hazikumwingia, lakini haya aliyaelewa neno kwa neno, maana alikuwa na mdogo wake aliyeolewa na mtu wa ofisi, mwenye gari.

"Sababu ya kiti?" akauliza.

"Sababu ya kiti."

"Aa, mama Honorine." Akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafuta machozi, akachota maji, akatoka uani akawaita jirani zake kwa ile sauti yake, na kabla jua halijashuka mtaa ulikuwa unapiga deki kila chumba, wanawake wamefunga vitambaa puani, maji meusi yanatiririka mpaka barabarani. Honorine alipiga deki nao mpaka magoti yakachubuka.

"Usimwambie Yolande," akamwomba Mama Ngoyi wakati wa kuondoka.

Mama Ngoyi akaapa kwa kupitisha kidole shingoni. Nimeshawaambia sauti yake ilivyokuwa.

Kifua cha Merdi kilichukua majuma kutulia, na kila asubuhi kabla ya kazi Honorine alipita kumsikiliza. Ndipo majibu ya maabara yakatoka Lubumbashi, na Yolande akapiga simu, sauti yake ndogo kuliko alivyowahi kuisikia. Profesa wake alikuwa ameyatazama akamuuliza kama alipangusa nyumba za watu au ndani ya shimo la mgodi. Hesabu hazikuwezekana. Kazi yote imekataliwa, na mawingu ya mvua yameshaanza kukusanyika.

"Mbelu, mi nimekwisha," akasema.

Basi, kile alichokuwa amekitaka hicho hapo, kimeletwa mpaka sikioni. Nitawaambia ukweli wote: iliyofika kwanza ni furaha. Huruma ilifuata nyuma, inahema. Halafu ikaja aibu, ikazifunika zote mbili. Honorine alifungua mdomo aseme ni miye, na mdomo ule uliosema yote mbele ya Mama Ngoyi ukakataa kabisa. Mbele ya mtu wa mtaani aliweza kuwa mdogo, mbele ya Yolande hakuweza.

"Kuya tena," ndicho alichoweza. "Kuya uulize bamama benyewe. Usipime kitu. Uliza tu."

Yolande akaja. Akashinda kwa Mama Ngoyi kutwa nzima, na kesho yake, na kesho kutwa, kisha kwa jirani zake mmoja mmoja. Kituoni Honorine alikuwa anadondosha vitu. Kila mlango ulipolia alijua huyo anakuja, anakuja kumvua nguo mbele ya wagonjwa. Lakini Yolande alipopita kuaga alikuwa mtulivu. Hakucheka, hakugomba. Hata kalamu aliyoazima asubuhi aliirudisha, na hilo ndilo lililomtisha Honorine kuliko yote.

"Siku ya soutenance, nikitetea kazi yangu mbele ya baprofesa, weye njo utaleta poda," akasema Yolande. "Sitaki mutu mwingine animwangie."

Huku kwetu mtu akishinda masomo hatoki mlangoni msafi. Anamwagiwa poda ya watoto kichwani mpaka nyusi na kope ziwe nyeupe, na watu wanajua kwa mbali kwamba huyu amefaulu. Na mwenye kumwaga wa kwanza si mtu yeyote tu. Ni yule aliyeteseka pamoja naye, ambaye bila yeye asingefika. Honorine alinunua mkebe mkubwa kuliko yote dukani, na njia nzima ya kwenda Lubumbashi aliupakata kama mtoto mgonjwa.

Mama Ngoyi naye alikuwa amealikwa. Aliketi karibu na Honorine ndani ya ukumbi wa chuo, amevaa kitenge kipya, kimya kabisa, na kimya chake kilisema kila kitu. Honorine akaelewa kabla Yolande hajafungua kinywa.

Yolande hakuzungumzia vumbi linavyoingia mwilini. Alizungumzia vumbi lilivyoingia nyumbani. Alisimulia swali moja lililoulizwa kwenye mizani ya watoto, jinsi lilivyotembea mtaani, jinsi watu ambao jirani zao walishahamishwa wanavyosikia neno kupima, jinsi bibi anayempenda mjukuu wake alivyomwagia chumba chake sumu kwa matumaini. Alisema maneno yote ya afya hayakusafisha sakafu hata moja, na kwamba zilisafishwa siku mtu mmoja alipoketi chini akasema kilichokuwa moyoni mwake. Maprofesa walikuwa wameinama wanasoma. Mmoja baada ya mwingine wakainua vichwa.

"Na huyo aliyeuliza lile swali," akauliza mmoja wao, "ni nani?"

"Ni mtu wa afya ambaye mtaa unamwamini kuliko unavyoniamini mimi," akasema Yolande. "Neno liliweza kutembea kwa sababu lilitoka kwake, na liliweza kurudi kwa sababu yeye ndiye aliyelifuata. Jina lake sitalitaja."

Mama Ngoyi akakohoa.

Honorine aliubana mkebe tumboni. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, ndiyo, na shukrani kidogo kwa jina lisilotajwa. Lakini kilichomuuma hasa ni kingine. Kazi ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri mno. Yeye alikuwa ndani ya jambo lile tangu mwanzo, alilipika kwa mikono yake, akaliokoa kwa magoti yake, na hakuona kwamba lina kitu cha kumfundisha mtu. Yolande alipita mara chache na kalamu ya kuazima, akaondoka nalo. Na sasa watu wazima wenye miwani wanampigia makofi, wanasema distinction, alama za juu kabisa.

Mlangoni nyimbo zikaanza. Yolande akaja mbele ya Honorine, akainamisha kichwa kusubiri poda.

"Mama Ngoyi aliniambiaka siku ya kwanza," akanong'ona akiwa ameinama vilevile.

"Na haukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungekatala. Na mémoire, kazi yangu yote ya masomo, ingekufa." Akainua jicho moja. "Nilikukasirikia, Mbelu. Sana. Nikalia. Kiisha nikaanza kuandika."

Honorine akafungua mkebe, akamwaga. Poda ikaanguka kwenye nywele, kwenye masikio, kwenye mabega ya nguo mpya.

"Hata bubaya yangu uliipeleka ku masomo," akasema, "ikafaulu."

Yolande akacheka kile kicheko chake cha zamani, poda ikamwingia mdomoni, akakohoa huku anacheka. Na Honorine, mikono yake myeupe mpaka viwiko, akauliza jambo ambalo hakuwahi kumuuliza mtu tangu azaliwe.

"Nafasi ya mwaka inakuya. Nani anapokea majina?"

Yolande akajipangusa macho. "Usihangaike. Nilishamwambia dokta. Nilinyoosha mukono kwa jina yako."

Mtu mwingine angemwangukia shingoni. Honorine alisimama pale, watu wanaimba, Mama Ngoyi anacheza, na roho ikamuuma palepale pa siku zote.

"Shusha ile mukono," akasema. "Yangu nitanyoosha miye mwenyewe."

Akaugeuza mkebe chini juu, akammwagia iliyobaki yote.